Uboho wa Mpishi

Mtu aliyeonja mchuzi wake kisha akauliza chumvi iko wapi hakualikwa tena. Ndivyo alivyokuwa jirani yetu wa mtaa wa Waswahili pale Rumonge, mwanamke ambaye sote tulimwita Mpishi, hata wale waliokuwa na haki ya kumwita shangazi. Alipika harusi, matanga, Idi zote mbili, na karamu za wafanyabiashara wa mawese. Mimi niliolewa nyumba ya pili kutoka kwake, ukuta wetu ukipakana na uwanja wake wa kupikia, na kwa miaka mingi nilianza siku kwa kumsikia akigombana na kuni mbichi.

Hakuonja kwa kijiko. Alidondosha tone la mchuzi kiganjani, chini ya kidole gumba, akalilamba, halafu akatazama juu kama mtu anayesikiliza habari kutoka mbali. Akishatikisa kichwa, basi, chakula kimeiva, asibishe mtu. Na chakula hicho yeye mwenyewe hakukila. Baada ya kulisha mtaa mzima alirudi kwake akala muhogo wa kuchoma na ndagala wakavu, dagaa wa ziwa letu, amekaa juu ya kinu alichokipindua. Nilimuuliza siku moja kwa nini hajipakulii pilau yake.

"Nilishakula na pua," alinijibu. "Tumbo halina haja ya kurudia."

Ulimi wake ulikata. Nilimwona akimfukuza bwana harusi jikoni kwa mwiko, kijana wa watu amevaa kanzu mpya, kosa lake ni kufunua sufuria kabla ya wakati. Lakini aliyetukanwa asubuhi alipata sahani alasiri. Aliibeba mwenyewe, imefunikwa kitambaa safi, akaiweka mlangoni na kuondoka. Ukimfuata kumwambia yamekwisha, atageuka na kusema, "Nimeleta sahani, sikuleta samahani." Maneno hayo yalienea Rumonge nzima. Wanawake walitaniana nayo sokoni, bila kujua kwamba kwake hayakuwa mzaha. Huyu alikuwa mtu wa kutoa chochote alicho nacho isipokuwa msamaha.

Na jambo jingine lilitushangaza zaidi kwa mtu wa kazi ile. Hakuweza kutazama damu. Idi ya kuchinja ikifika, aligeukia ukuta, akajifunika kanga kichwani, na hakugeuka mpaka nyama ilipokwisha kuoshwa. Wakati mmoja nilijikata kidole nikimenya muhogo uwanjani kwake. Alipiga ukelele, akakaa chini vumbini. Mimi niliyekuwa navuja damu ndiye niliyekwenda kumletea maji.

Mwaka wa Uhuru ndipo nilipomjua vizuri. Nilikuwa bibi arusi mgeni bado, na Mpishi akaniita nisaidie kuchambua mchele wa karamu ya siku ile. Ngoma zilishuka kutoka milimani, watu wakajaa barabarani mpaka ziwani. Wakubwa wa mji walikaa mezani wamefunga tai, wakingoja. Wakati huo huo wanawake wa Bugarama walikuwa wamefika na maharage na ndizi vichwani, miguu yao myekundu kwa udongo, wakakaa kando ya njia kwa haya. Msimamizi wa karamu akaja kusema meza ile ihudumiwe kwanza. Mpishi akaketi juu ya kifuniko cha sufuria kubwa, moto ungali chini yake, akakunja mikono.

"Hawa wametembea toka Bugarama," alisema. "Nyinyi mumetoka hapo tu, mu biro, mu ofisi zenu. Nani iko na njaa?"

"Mama, hawa ni watu wa komini ingine," msimamizi akasema, yaani si wa wilaya yetu.

"Sufuria haiulizi komini."

Wakala pamoja. Siku hiyo nilimwona mdogo wake kwa mara ya kwanza, kitinda mimba wa mama yao, kijana wa sekondari aliyetoka Bujumbura na shati jeupe ambalo Mpishi alikuwa amelipiga pasi mwenyewe. Walizaliwa wanne: Mpishi, kisha dereva wa lori, kisha mwalimu wa shule, kisha huyu. Baba yao alifariki huyu wa mwisho akiwa bado wa kubebwa, na Mpishi akamlea kama mwanawe, kwa sababu yeye hakujaliwa kuzaa. Kijana alimwita yaya, kama tunavyomwita huku dada mkubwa. Alipopita jikoni Mpishi hakumfukuza. Alimdondoshea mchuzi kiganjani, akamuuliza, "Iko namna gani?" Kijana akajibu kwamba chumvi imepungua kidogo. Mpishi akacheka, akaongeza chumvi. Sijamwona akifanya hivyo kwa mtu mwingine hata mmoja.

Miaka ikapita, kijana akafaulu, akapelekwa Ubelgiji kusoma. Mpishi aliwaambia watu wote kwamba mudogo wake amekwenda kuwasomea dunia.

Kisha ukaja mwaka wa sabini na mbili. Kwetu tunauita ikiza, balaa lisilo na jina jingine. Kwanza walitokea watu wenye mapanga wakaua, hapo hapo Rumonge na ukanda wote wa ziwa. Halafu askari wakaja, na kisasi kikawaangukia watu ambao wengi wao hawakushika hata kisu. Mwalimu alichukuliwa shuleni mbele ya wanafunzi wake. Dereva alichukuliwa njiani, upande wa Gitaza, na lori lake likarudi likiendeshwa na mtu mwingine. Hatukuwaona tena. Hatukupewa hata maiti.

Tuliondoka kwa miguu kuelekea kusini, mimi na mume wangu na mtoto wetu, Mpishi na mama yake. Bibi yule alikuwa amepooza miguu. Mpishi alimfunga mgongoni kwa kanga, kama mtoto, na mkononi akabeba sufuria moja na kifuniko chake. Tulipita katikati ya michikichi, barabara tuliiogopa. Mume wangu alipotaka kumpokea mzigo, alikataa. Alisema mama hapendi kubebwa na mtu anayetembea haraka.

Tulipita Nyanza-Lac, tukafika mahali penye mitumbwi. Pale ufukweni, tukingoja kuvuka kwenda upande wa Kigoma, bibi alikata roho. Mpishi hakulia. Alimwosha kwa maji ya ziwa, akamkafini kwa kanga zake mbili, akachimba kaburi kwa kile kifuniko cha sufuria. Sisi tulichimba kwa mikono. Alimlaza kuelekea kibla, akamsomea alichokijua, mwenye mtumbwi akituita kwa hofu kwamba tutaonwa. Nilikuwepo. Niliona kila kitu.

Lakini habari iliyofika Ubelgiji haikuwa hiyo. Mtu mmoja aliyevuka kabla ya mazishi alimsimulia mwanafunzi aliyesoma na kijana kule kwamba Mpishi alimtupa mama ufukweni ili mtumbwi uwe mwepesi. Kijana aliamini. Alikuwa mbali, amepoteza kaka wawili na mama kwa msimu mmoja, na nadhani alihitaji mtu wa kumlaumu ambaye angeweza kumtaja kwa jina. Akarudisha neno kwa mdomo wa mtu: "Mwambieni sina dada."

Mpishi alilipokea neno hilo tukiwa tumejenga kibanda Kigoma. Alikuwa anakoroga ugali. Aliendelea kukoroga. Kuanzia siku ile hakumtaja kijana tena, na tulijifunza kutomtaja mbele yake.

Miaka michache baadaye alikuja masera, mtawa Mzungu aliyeendesha zahanati ya karibu. Alikuwa ameletewa habari kutoka hospitali ya Ubelgiji. Alikaa nasi juu ya mkeka, akaeleza polepole kwa Kiswahili chake cha Kongo. Kijana alikuwa anakufa. Ufizi wake ulivuja damu, mwili ulijaa mabaka ya zambarau bila kupigwa na mtu, homa haikukatika. Uboho wake, ule ulaini ulio ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa, ulikuwa umekauka. Kumtia damu za watu kulimsaidia siku chache tu, kisha akarudi pale pale. Madaktari walikuwa wameanza kujaribu kitu kipya: kuchukua uboho wa mtu mwenye afya na kumtia mgonjwa, uote upya ndani yake. Lakini hauwezi kuwa wa mtu yeyote. Ni lazima ufanane na wake, na wa kufanana hutafutwa kwanza kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na hata hao mara nyingi hawafanani.

Sote tulikuwa tunafikiri jambo lile lile. Ndugu walikuwa wanne. Wawili walikuwa ndani ya shimo tusilolijua. Akabaki mmoja, amekaa mbele yetu, anachambua mawe kwenye mchele.

"Ule mutu alisema hana dada," Mpishi akasema hatimaye. "Sasa munatafuta dada ya nani?"

Akapepeta mchele, akaweka ungo chini.

"Nitaenda. Lakini sitaongea naye."

Kwanza ilibidi atolewe damu ya kupimwa. Mimi nilimshika mkono wa pili. Alijifunika kanga uso mzima, akatetemeka kama mwenye malaria, na baada ya sindano kutoka alizimia. Masera alimuuliza alipozinduka kama kweli ataweza, maana huko kazi itakuwa kubwa kuliko hiyo. "Huko watanilaza usingizi," alisema. "Mutu mwenye kulala haoni." Majibu yalipokuja, masera alilia kwa furaha. Alama za damu yao zilifanana zote, naye akamtafutia hati na tiketi ya safari.

Yaliyotokea huko nilisimuliwa na yeye mwenyewe aliporudi, vipande vipande, kwa miezi mingi, kila mara mikono yake ikiwa na kazi. Baadaye mdogo wake alinisimulia upande wake, na habari zao zililingana.

Kijana alipewa dawa kali za kuua uboho mbovu uliobaki, mpaka hakuwa na kinga hata ya mafua. Nywele zilimtoka, mdomo ukajaa vidonda. Aliwekwa kwenye chumba chenye kioo, watu wakiingia wamefunikwa kuanzia kichwani hadi miguuni. Mpishi alilazwa usingizi, wakamchoma mfupa wa nyonga mara nyingi, upande huu na upande huu, wakavuta uboho wake. Aliamka na maumivu ya mtu aliyebeba kuni toka mlimani, akaomba chai.

Kilichomshangaza mpaka mwisho wa maisha yake ni kwamba hawakuufungua mfupa wa kijana kuuingiza. Waliutia kwenye mshipa wa mkono tu, kama damu ya kawaida. "Na ukajua njia," aliniambia, na hapo aliacha kukata vitunguu. "Hakuna mutu aliuonyesha. Ulitembea mu damu yake, ukafika mu mifupa, ukakaa. Weye unaelewa ile kitu?" Nilimwambia sielewi. "Hata miye," akasema. "Hata dokta, nilimuona mu macho, naye haelewi yote."

Wiki zikapita, damu mpya ikaanza kuonekana. Madaktari walifurahi. Mpishi alijiandaa kurudi. Alikuwa hajamwambia mdogo wake neno. Alikuwa akienda kusimama mbele ya kile kioo kila asubuhi, anamtazama, kisha anaondoka.

Halafu mambo yakageuka. Viganja vya kijana vikawa vyekundu, na nyayo pia. Upele ukapanda mwili mzima, ngozi ikaanza kubanduka kama ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. Macho yakawa ya njano, tumbo likamwendesha bila kukoma. Mpishi alimwita mwanafunzi Mkongomani wa Uvira aliyesomea udaktari pale, ambaye ndiye aliyekuwa mkalimani wake, wakaenda pamoja kwa daktari.

"Ugonjwa ule wa kwanza umerudi?" Mpishi akauliza.

"Hapana, mama," mkalimani akatafsiri. "Ule umeisha. Hii ni uboho wenu. Umeota vizuri, una nguvu. Lakini unaona mwili wa mudogo wenu kama mugeni. Unaupiga."

"Uboho wangu unamupiga?"

"Ndiyo, mama."

"Unaweza kumuua?"

Mkalimani hakungoja daktari. "Unaweza."

Aliniambia kwamba alikaa kwenye benchi la ukumbini muda mrefu. Mkalimani alijaribu kumweleza kwamba si kosa lake, kwamba hutokea hata kwa ndugu wanaopendana, kwamba chembe za uboho hazijui ugomvi wa watu, na kwamba kuna dawa za kuzipoza. Aliyasikia yote. Lakini yeye alijua alichokuwa nacho ndani alipolala juu ya meza ile. "Nilimupa pamoja na hasira yangu," aliniambia. "Waliivuta yote, hawakuchuja."

Akaomba aingie. Wakamvisha joho, kofia, kitambaa cha mdomo, mpaka yakabaki macho tu. Kijana alikuwa amelala, midomo imepasuka. Alimtambua kwa macho hayo.

"Mama nilimubeba," Mpishi alimwambia. "Toka Rumonge mpaka kupita Nyanza-Lac, hapa mu mugongo. Alikufa mu mikono yangu. Nilimuosha na maji ya ziwa. Nilichimba na kifuniko ya sufuria, jirani zangu wakachimba na vidole. Nilimusomea Yasini nusu, nusu ingine sikuijua. Sikumutupa."

Kijana alisema, "Yaya, sikujua."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza. Unisamehe."

Mdogo wake aliniambia kwamba Mpishi aligeuka kama anayetaka kuondoka. Kisha akaweka mkono wake wenye glavu juu ya kifua cha kijana, akainama, akasema, lakini si kwake. Alikuwa anasema na kile kilichokuwa ndani ya mifupa yake. "Tulia sasa. Huyu si mugeni. Huyu ni mutoto wangu." Alirudia mara nyingi, kwa sauti ile ya kumbembeleza mtoto wa homa. Kijana alilia. Ilikuwa mara ya mwisho kwake kutoa machozi, maana ugonjwa ule, ulipopoa, ulimkausha macho, akabaki mtu wa kujitia matone ya dawa ili aweze kupepesa.

Ulipoa polepole sana. Daktari alisema dawa ndizo zilizoupoza. Nilimuuliza Mpishi yeye anasemaje. "Dokta alisema ni dawa. Sikumubishia. Dawa alitoa yeye, ile ingine nilitoa mimi, mutoto alipona. Tugombanie nini?"

Kijana hakupona bila kulipa. Ngozi ilibaki na mabaka, mahali pengine imekaza kama ngozi ya ngoma. Zile dawa kali zilimnyima watoto. Lakini aliishi. Kundi la damu yake lilibadilika likawa la Mpishi, na walipoitazama damu hiyo kwa hadubini zao waliona damu ya mwanamke. Mpishi aliposimulia hapo alishusha sauti kana kwamba yuko msikitini. Mwanamume mzima anatembea mitaani kwa Wazungu, na ndani yake mna yeye. Mimi pia, kila nikiliwaza, nywele hunisimama.

Walimwomba abaki Ulaya. Alikataa. Akarudi Kigoma, akapika harusi za wakimbizi, akamtukana kila aliyefunua sufuria. Amani iliporudi, tulirudi Rumonge, wazee tayari, mume wangu nimeshamzika. Mdogo wake naye, alipostaafu, akaja kukaa na dada yake. Mtaa ulimzoea upesi, mzee mwenye mabaka na kichupa cha matone mfukoni, ambaye dada yake alimkemea mbele za watu kwa kuvaa soksi zisizofanana.

Mara pekee niliyowaona hospitalini ilikuwa mwaka Mpishi alipougua. Malaria ilimmaliza damu, akawa mweupe viganja na ndani ya macho. Nilikwenda na chupa ya uji. Damu ya kumtia ilikuwa imeagizwa kutoka Bujumbura, haijafika. Mdogo wake alikuwa amekunja mkono wa shati mpaka begani, anamnyooshea muuguzi.

"Mzee, haiwezekani," muuguzi alimwambia kwa heshima. "Umri wenu hauruhusu. Na munakunywa dawa nyingi."

"Wewe huelewi. Hii si yangu. Ni yake huyu. Alinipa."

Muuguzi alinitazama mimi, akidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Nikamwambia, "Anasema kweli."

"Toeni kidogo tu," mzee aliendelea. "Mumurudishie."

Mpishi alifungua macho. Tulidhani amelala. Alimtazama mdogo wake, na mkono ule mkavu uliokunjuliwa.

"Kaa nayo," akasema. "Hii yangu nitaipika tena."

Damu kutoka Bujumbura ilifika alasiri hiyo. Ilimsukuma mwanzoni tu. Iliyobaki aliipika mwenyewe kweli. Mvua zilipoanza alitembea kwa miguu, mdogo wake amemshika kiwiko, wakaja hadi mlangoni kwangu. Hakukubali kiti. Alikuja kuniambia kwamba uji ule niliompelekea wodini ulikuwa na madonge.